Saini za Marehemu

Mume akifa, saini zake hazizikwi naye. Hilo hakuna aliyeniambia wakati wa msiba, ingawa nyumba ilijaa watu wenye ushauri wa kila namna: nikae upande gani, nivae nini, nisimjibu mama mkwe hata akisema nini. Matanga yalipoanuliwa wakaanza kuja wengine, mmoja mmoja, kila mtu na karatasi yake mfukoni. “Shemeji, pole sana, najua si wakati wake, ila mimi na marehemu tulikuwa tumeandikiana.”

Sikuolewa na mfalme. Mume wangu alikuwa mtoto wa kwanza katika ukoo ambao babu yao alikuwa jumbe huku Njombe enzi za Mwingereza, kwa hiyo pamoja na mali yake mwenyewe alikuwa ameshika mashamba ya ukoo: miti ya mbao juu mlimani na bonde la mahindi chini. Mtoto wetu wa kiume alikuwa hajaanza shule. Kikao cha ukoo kikaamua kwamba mashamba atayashika mtoto akikua, na kwa sasa mama yake akae mahali pake. Wazee wakaniombea, tukala, tukatawanyika. Mimi ni mwalimu wa historia, na nilirudi nyumbani nikijua kwamba nimekabidhiwa kazi ya zamani sana duniani, kazi ya mjane anayekaa kwenye kiti cha mtoto, na kwamba wengi walioifanya waliishia pabaya.

Aliyenifundisha namna ya kuifanya alikuwa amefariki tangu mwaka 1925. Anaitwa Labotsibeni Mdluli, wa Swaziland, nchi ambayo leo ni Eswatini. Darasani kwetu hatajwi, au anapitwa haraka baada ya Shaka na Mfecane, yaani vita na uhamaji wa enzi za Shaka. Nilimfahamu chuoni, katika kitabu ambacho nilikichukua maktaba kwa ajili ya mtihani mwingine kabisa. Miaka mingi baadaye, nikiwa na karatasi za watu zimejaa mezani, nilimkumbuka na kuanza kumsoma upya, safari hii kama mtu anayetafuta jibu. Nitasimulia habari zake na zangu pamoja, zake zaidi, maana yeye alikuwa na nchi nzima mkononi.

Mume wake, Mfalme Mbandzeni, alitawala tangu katikati ya miaka ya 1870. Miaka yake ya mwisho dhahabu ilipatikana nchini, na Wazungu wakamiminika kutoka Transvaal, jamhuri ya Makaburu, na Natal, koloni la Waingereza, wakitaka aweke alama yake kwenye karatasi zao. Akaweka. Alianza na malisho kwa Makaburu walioleta kondoo wao wakati wa baridi. Zikafuata ardhi za miaka hamsini, kisha madini, kisha vitu ambavyo ukivisoma leo unaweza kucheka kama si msiba: haki ya mtu mmoja peke yake kuchapisha, haki ya kupiga picha, haki ya kuendesha minada, haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Mwaka 1889 hata mapato ya mfalme mwenyewe yaliuzwa, aliyeyanunua akiahidi kumlipa pauni 12,000 kila mwaka. Mbandzeni alipofariki Oktoba mwaka huohuo, karibu nchi yote ilikuwa imeandikwa kwa watu wengine, na sehemu nyingi ziliandikwa zaidi ya mara moja: mwenye malisho huyu, mwenye madini yule, mwenye mbao mwingine, wote juu ya kipande kilekile.

Watu humlaumu sana. Mimi namlaumu nusu. Kwa mila ya Waswazi ardhi haiuzwi, mfalme humruhusu mtu kuitumia tu, na naamini mwanzoni ndivyo alivyodhani anafanya. Waliobeba karatasi ndio waliojua kilichoandikwa ndani.

Hapo ndipo niliposimama kusoma na kuangalia meza yangu. Marehemu wangu hakuwa mjinga wala mlevi. Huku kwetu mtu akihitaji ada ya shule au pesa ya matibabu huuza miti ikiwa bado michanga: mnunuzi hulipa leo, hungoja miaka, huja kuvuna. Ni jambo la kawaida. Lakini shamba moja lilikuwa limeuzwa miti yake kwa mtu mmoja huku ardhi yake ikikodishwa kwa mwingine wa parachichi, na bonde lilikuwa limekodishwa kwa mtu aliyedai kwamba alilinunua. Wote walikuwa na saini ya mume wangu. Ninaijua saini ile. Nililia nilipoiona, hata kwenye karatasi iliyokuwa inaninyang’anya bonde.

Kwa hiyo, dada yangu uliye katika hali hii, kabla ya kitu kingine chochote nunua kaunta buku. Anayekuja na karatasi mkaribishe, mpe chai, mwombe nakala. Asiyetaka kuacha nakala mwambie arudi siku ambayo shemeji yako yupo. Andika jina, tarehe iliyo kwenye mkataba, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, mashahidi ni nani, mwenyekiti wa kijiji alipiga muhuri au hapana. Siku hiyo usikubali kitu wala usikatae. Sema “nimepokea” na uishie hapo. Karatasi mojawapo niliyoletewa ilikuwa na tarehe ya wiki ambayo marehemu alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, hawezi hata kushika kijiko. Ningejibu palepale kwa huruma au kwa hasira nisingeiona tarehe hiyo. Niliiona usiku, watoto wamelala, nikiwa nanakili.

Na kikao cha ukoo si mahakama. Muhtasari wa kikao ni mlango tu. Utaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, litatolewa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na likipita hilo ndipo utapewa barua ya usimamizi. Bila barua hiyo benki hawakusikilizi, na mtu mwenye mkataba bandia anajua kwamba huna meno. Ukishaipata, unatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali na madeni. Wajane wengi huandika mali vizuri, madeni wakayaandika kwa aibu au wakayaficha. Andika yote. Deni lililoandikwa na wewe lina kiwango. Deni linalosimuliwa na mwenzio huota mbawa. Jiandae na gharama pia: nauli za kwenda na kurudi kwa sababu hakimu yuko safarini, kuchapisha, mihuri, chakula cha wazee kila wanapoitwa kutoa ushahidi. Pesa ndogondogo hizo ndizo zilizoninyonya kuliko wakili niliyemwendea mara chache.

Nirudi kwa Labotsibeni, kwa sababu namna alivyochaguliwa ina mengi. Waswazi hawamtangazi mrithi mfalme akiwa hai. Akishafariki, baraza la wakubwa wa ukoo wa kifalme hutazama wajane, si watoto. Wanasema mfalme ni mfalme kwa mama yake. Na mila hupendelea mama mwenye mtoto wa kiume mmoja tu, ili ndugu wa tumbo moja wasije wakagombea. Labotsibeni alikuwa na watatu: Bhunu, Malunge na Lomvazi. Kwa kanuni hiyo hakufaa. Walimchukua hivyohivyo kwa ajili ya akili yake na msimamo wake. Watu walimpa jina la sifa, Gwamile. Wala hakuwa mgeni wa kazi ile. Alikulia kwenye boma la Tsandzile Ndwandwe, mjane wa Sobhuza I, mwanamke aliyekuwa ameshika nchi kwa nguvu kubwa kabla yake. Msichana aliyekua akiona mjane akiamua mashauri ya wanaume haoni ajabu siku yake ikifika.

Sikuwa na Tsandzile wangu. Katika ukoo wa mume wangu hakuna mwanamke aliyewahi kushika daftari la mashamba, na kwa mila za huku mjane hutunzwa na wanawe, kurithi hakumo. Nilichofanya ni kumtafuta bibi mmoja mjane, jirani, aliyeendesha kinu cha kusaga baada ya mumewe kufa, nikawa naenda kwake Jumapili jioni. Hakusoma. Lakini ndiye aliyeniambia nisiende kamwe peke yangu kuonyesha mpaka, niende na mtoto hata kama ni mdogo, ili watu wazoee kumwona yeye juu ya ile ardhi.

Miaka ya kwanza Labotsibeni hakuwa yeye kaimu. Bhunu, aliyekuwa mrithi, akiwa bado kijana, kiti kilishikwa na mjane mwingine wa kifalme, Tibati Nkambule, na Labotsibeni akawa Ndlovukazi, mama wa mfalme, mwaka 1894. Mwaka uliofuata nchi ikawekwa chini ya Transvaal. Bhunu alikuwa na moto wa ujana; mwaka 1898 aliingia katika kesi ya mauaji ya mkubwa mmoja wa nchi, akakimbilia Zululand, akarudi kwa makubaliano, akatozwa faini. Mama yake alibaki nyumbani akishika mambo yasianguke. Halafu vita ya Waingereza na Makaburu ikaanza Oktoba 1899, na Desemba mwaka huohuo Bhunu akafariki.

Sasa tazama alichobaki nacho. Mume amekufa, mtoto aliyemlea kuwa mfalme amekufa, vita inapigwa na mataifa mawili ya wageni pande zote, na mrithi aliyechaguliwa ni mjukuu aliyezaliwa tarehe 22 Julai mwaka ule, hajatimiza hata miezi sita. Mama wa mtoto, Lomawa Ndwandwe, alikuwa binti mdogo. Bibi akachukua kiti. Alikaa hapo miaka 21 na zaidi.

Vita ilipokwisha Waingereza wakaichukua nchi, na watu wakatumaini kwamba karatasi za Mbandzeni zitachanwa. Hazikuchanwa. Tume iliundwa, zikapekuliwa moja moja, na nyingi zikakubaliwa. Mwaka 1907 likatolewa tangazo la kugawa ardhi, na aliyepewa kazi ya kuchora mipaka ni George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Alipomaliza, Waswazi walibakiwa na kama theluthi moja ya nchi yao, tena kwa vipande vilivyotawanyika. Theluthi mbili zilikwenda kwa wenye karatasi na kwa serikali ya Mwingereza. Waliokuwa wakiishi upande wa Wazungu walipewa muda mpaka mwaka 1914, baada ya hapo wahame au wakubaliane na mwenye shamba.

Kaimu mwenye jeshi la vijana wanaomngoja aseme neno angeweza kulisema. Jirani zao Wazulu waliinuka mwaka 1906 na wakauawa kwa maelfu. Labotsibeni hakulisema. Alimtuma mwanawe Malunge na wakubwa wengine London mwaka 1907 kwenda kumweleza mfalme wa Uingereza na waziri wake wa makoloni. Walipokelewa kwa heshima, wakarudi bila ardhi. Ndipo akafanya kitu ambacho mara ya kwanza nilipokisoma kilinikasirisha: akawahimiza vijana waende kwenye migodi ya Johannesburg wakatafute pesa, taifa lichange, ardhi inunuliwe kutoka kwa Wazungu.

Kununua kilicho chako! Niliona ni kushindwa. Nilikuwa nimeshampeleka yule mtu wa bonde kwenye Baraza la Ardhi, kesi imeahirishwa mpaka nimezoea benchi, na kila kuahirishwa ni siku moja darasani sijaingia na nauli imekwenda. Yeye alikuwa analima huku kesi ikisubiri. Bonde lilikuwa linamlisha, mimi linanila. Shemeji yangu akasema, tumuulize anataka nini atoke. Tulihesabu pamoja. Alitaka arudishiwe alicholipa pamoja na gharama ya mitaro aliyochimba. Nikachukua mkopo SACCOS ya walimu, nikauza ng’ombe, tukaandikiana upya mbele ya mwenyekiti, akatoka. Wifi zangu walisema nimehongwa. Mama mkwe hakusema nami hadi mavuno. Lakini mwaka uliofuata mahindi ya lile bonde yalikuwa yetu, na nikamwelewa yule bibi wa Swaziland. Kesi ni nzuri kama una muda. Mtu anayemshikia mtoto muda ndio kitu asichokuwa nacho, maana mtoto anakua na atauliza shamba liko wapi, hatauliza nani alikuwa na haki.

Sikununua kila kitu. Yule wa tarehe ya hospitali nilimkatalia na nikamwambia aende polisi mwenyewe kama ana ubavu. Hakwenda. Kuchagua upi upiganie na upi ulipie ndiyo kazi yenyewe, na hakuna kitabu kinachokuchagulia.

Nimemtaja shemeji mara kadhaa. Huyu ndiye Malunge wangu, ingawa Malunge alikuwa mwana na huyu ni mdogo wake marehemu. Labotsibeni hakujua kusoma. Barua zake ziliandikwa na wengine, na Malunge, msemaji hodari, ndiye aliyekwenda mbele ya maofisa. Mjane hawezi kuwa kila mahali, na kuna vibarua, wapimaji na madalali ambao hawamsikilizi mwanamke, tusidanganyane. Mtafute mmoja kati ya mashemeji, asiwe mkubwa kuliko wote wala mwenye maneno kuliko wote, yule ambaye naye ana kazi yake na hategemei mali ile kula. Mpe heshima mbele za watu. Lakini pesa isitoke kwa saini ya mtu mmoja. Sisi tulifungua akaunti ya saini mbili, yake na yangu, na hilo limetuokoa wote wawili na majungu kuliko sala. Malunge alifariki mwaka 1915, na ukisoma unaona jinsi mama yake alivyobaki peke yake tangu hapo. Nilipofika sehemu hiyo nilimpigia shemeji simu usiku kumuuliza kama amepima presha.

Majungu sasa. Yatakuja, na yatakuja kwa sura tatu: unapeleka mali kwenu, una mwanaume, unamharibu mtoto. La kwanza linajibiwa na kaunta buku. Kila mwisho wa mwaka niliita wazee, nikasoma mapato na matumizi kwa sauti, hata ya sabuni na mbolea, wakachoka wenyewe wakaanza kusema mwalimu, inatosha. La pili halijibiwi. Mimi nilikuwa mdogo, na yapo mambo niliyojinyima ambayo nisingemshauri binti yangu ajinyime. La tatu lilihusu shule.

Wakubwa wengi wa Waswazi hawakutaka mfalme wao afundishwe na wageni. Labotsibeni alisisitiza. Mwaka 1906 shule ilifunguliwa Zombodze, kwenye makao yake mwenyewe, mtoto asome akiwa anaona baraza linakaa, incwala, sherehe ya ufalme ya kila mwaka, inafanyika na bibi yake anapokea malalamiko. Alipokua akapelekwa Lovedale, shule ya wamisionari kule Cape, mwaka 1916. Kwa bibi huyu kusoma kulikuwa silaha: gazeti la Abantu-Batho lililoanzishwa na mwanasheria Pixley ka Isaka Seme mwaka 1912 lilisimama kwa pauni 3,000 kutoka kwake. Mwanamke asiyejua kusoma akanunulia watu weusi wa Afrika Kusini gazeti. Huwa nawasomea wanafunzi wangu habari hiyo wakilalamika kuhusu kazi ya nyumbani.

Mimi nilimpeleka mtoto bweni, mbali kidogo, na ukoo ukasema nimemtoa kwenye ardhi yake. Kwa hiyo kila likizo alikuwa wa baba yake mdogo kwanza, wangu baadaye. Alipanda miti, alipogolea, alishika kamba ya kupimia, alikaa kwenye vikao akasinzia. Alichukia. Siku moja aliniuliza kwa nini wenzake wanaangalia mpira Dar es Salaam naye anahesabu misonobari. Sikuwa na jibu zuri.

Si kila mjane wa kifalme alishika kiti ili akiachie, na si lazima twende mbali kumwona. Rwanda, Mwami Rwabugiri alipofariki mwaka 1895, mrithi alikuwa Rutarindwa, na Kanjogera, mjane wa mfalme, alikuwa amewekwa kuwa mama yake wa kiti bila kumzaa. Mwaka 1896, pale Rucunshu, Kanjogera na kaka zake wa ukoo wa Bega wakampindua. Rutarindwa akafa humo, na Musinga, mwana wa kumzaa Kanjogera, akawekwa akiwa bado kijana mdogo. Mama na mjomba Kabare ndio waliotawala kweli. Hata Musinga alipokuwa mtu mzima, Wajerumani na baadaye Wabelgiji walijua kwamba neno la mwisho haliko kwake peke yake. Mwaka 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga wakamhamishia Kamembe. Simwelezi Kanjogera kama shetani. Alikuwa na akili kuliko wanaume wengi waliomzunguka. Ila nilipokuwa namsoma nilijikagua. Mwanangu alipofika kidato cha nne nilikuwa tayari naamua vitu bila hata kumtajia, nikijiambia ana mitihani. Kiti kina utamu wake, na mjane aliyekaa miaka mingi hajui tena yeye ni nani akikitoka.

Labotsibeni alikitoka. Desemba 1921 alimkabidhi mjukuu wake, Sobhuza II, aliyekuwa na miaka 22, mbele ya mkuu wa serikali ya Waingereza nchini. Maneno yake yalisomwa siku ile. Alieleza mzigo na wasiwasi aliobeba, akasema amemlea kijana kama mwana wa mfalme wa Kiswazi anavyopaswa kulelewa na pia amempa elimu bora iliyopatikana Afrika Kusini. Kisha akasema waziwazi kwamba kijana ni mdogo na ataendelea kuhitaji ushauri wake. Napenda sana kwamba hakujifanya. Hakusema nimemaliza, narudi jikoni. Alisema kiti ni chake, ushauri ni wangu. Lomawa, aliyekuwa binti mdogo mwaka 1899, naye akawa Ndlovukazi.

Mwaka uliofuata Sobhuza alikwenda London kwa ajili ya zile karatasi za babu yake. Kesi ilifika mpaka baraza la juu la rufani la Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1926 akashindwa. Bibi yake alikuwa amefariki Desemba 1925. Kilichokuja kufaa ni ile njia iliyonikasirisha: kuchanga na kununua kuliendelea miongo kwa miongo, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1968 zaidi ya nusu ya ardhi ilikuwa imerudi mikononi mwa Waswazi.

Kuna mwingine wa nyumba hiyohiyo ambaye lazima nimtaje, kwa sababu wajane hushikwa zaidi mahali pake. Sobhuza II alipofariki Agosti 1982, kaimu alikuwa mjane wake Dzeliwe. Mwaka mmoja baadaye wakubwa wa baraza la Liqoqo walimletea hati ya kuhamisha madaraka yake kwenda kwa mtu mwingine. Alikataa kutia saini. Walimwondoa, wakamweka Ntombi, mama wa mrithi, aliyekaa mpaka mwanawe Mswati III alipotawazwa mwaka 1986. Dzeliwe alipoteza kiti, lakini hakuna karatasi yenye jina lake. Nami nililetewa hati ya namna hiyo, imechapwa vizuri, eti ya kumpunguzia mama mzigo: usimamizi uende kwa kamati ya watu fulani mpaka mtoto akue. Waliniletea jioni, nimetoka kusahihisha mitihani, na kalamu wakanipa wao. Ukiletewa karatasi na kalamu pamoja, simama. Sema unakwenda kuisoma na mtoto. Kama ni halali, kesho itakuwa bado halali.

Mwanangu alipotimiza miaka kumi na minane tulikaa mezani na mafaili. Nilimwomba asome kila karatasi kwa sauti, zile za baba yake kwanza. Alisoma taratibu, akafika kwenye ile ya bonde, akaniuliza, “Mama, baba alihitaji hela ya nini mwaka huu?” Ilikuwa mwaka aliozaliwa yeye, kwa upasuaji. Nilimwambia. Alikaa kimya, akaendelea na inayofuata.

Tulikwenda mahakamani nikafunga hesabu, nikawaita wazee nikasoma mara ya mwisho, naye akasaini kwamba amepokea, kitu kimoja kimoja: shamba, mipaka, miti yenye umri gani, deni lililobaki SACCOS, kesi moja isiyokwisha ya mnunuzi wa mbao. Usiruke hatua hiyo kwa sababu ni mwanao. Nakala moja anayo, moja ninayo mimi, moja iko kwa shemeji. Sasa anataka kukata misonobari ya mlimani yote apande parachichi. Nimemwambia ninavyofikiri, mara moja, na wiki ijayo anakuja na mpimaji.